Kiingereza cha Kukariri: Tutawadanganya Watoto Wetu Mpaka Lini?



Sifa zote njema anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote. Amma ba'ad.

Wazazi wenzetu wa Gitega na Muyinga, nanyi vijana wetu mlioko kwenye malise, leo hatuzungumzii ada wala sare. Tunazungumzia kitu kinachoingia nyumbani kila jioni ndani ya mkoba wa mtoto na wengi hatukitazami: daftari la Kiingereza. Lichukueni usiku huu, hata kama nyinyi wenyewe hamkijui Kiingereza. Haihitaji kukijua ili kuona tunachokisema.

Mtakuta orodha ndefu za vitenzi vilivyopangwa safu tatu. Mtakuta sentensi zenye vishimo, na mtoto amejaza neno moja moja. Mtakuta kauli ya kutenda ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, mara kumi, ishirini, thelathini. Yote yamesahihishwa kwa wino mwekundu na alama ni nzuri, maashaAllaah. Msichokikuta ni ukurasa mmoja ambao mtoto ameandika jambo lake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. Wala hamtakuta jina la kitabu hata kimoja alichokisoma mwanzo hadi mwisho.

Na mkibahatika kukuta insha, isomeni vizuri. Sisi tulizichukua insha za watoto watatu wa darasa moja, wa nyumba tatu tofauti, zilizoandikwa kuhusu likizo. Subhaanallaah! Wote watatu wana mjomba mmoja anayeishi Nairobi. Wote watatu walipanda ndege ile ile, wakala kuku yule yule na wali, wakarudi nyumbani wamechoka lakini wamefurahi. Watoto ambao likizo nzima walikuwa wakichota maji, wakipalilia maharage na kwenda chuoni asubuhi! Mmoja wao baba yake anauza kandambili sokoni, naye hajavuka hata mpaka wa Kobero. Tulipomuuliza, alijibu bila ya kusita kwamba hiyo ndiyo insha ya likizo, mwalimu aliiandika ubaoni, wakainakili, wakaihifadhi, kwa sababu huenda ikaja kwenye mtihani. Alama zao? Nane juu ya kumi.

Hatuitaji shule hiyo, kwani si moja, na lengo letu si kumfedhehesha mtu.

Lakini tufikirini kidogo, ndugu zetu. Umma huu wa Kiislamu ndio uliowafundisha walimwengu maana ya isnadi: nani kasema, kasikia kwa nani, na huyo alikuwa mkweli au la. Maimamu walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha sentensi moja. Leo mtoto wa Kiislamu mwenye umri wa miaka kumi na minne anafundishwa kuandika kwamba alifanya jambo ambalo hakulifanya, kwa maneno ambayo si yake, na anazawadiwa kwa hilo. Halafu tunashangaa akifika chuo kikuu anakamatwa kwa kunakili kazi ya mwenzake! Huko si ndiko alikolelewa? Na wala asituambie mtu kwamba hiyo ni hadithi ya kubuni. Anayebuni kisa anajua anabuni, na msomaji wake anajua. Hawa watoto hawakubuni chochote. Hilo ndilo tatizo.

Wapo watakaotujibu kwa haraka: "Mbona hata chuoni watoto wanahifadhi?" Naam, wanahifadhi, na Allaah awazidishie. Wanahifadhi kwa sababu hayo ni maneno ya Mola wao, hayabadilishwi hata herufi. Insha ya mjomba wa Nairobi imeteremshwa na nani? Na hata chuoni kwenyewe, aliyehifadhi hakuambiwa akomee hapo, bali hupelekwa kwenye tajwidi, kwenye lugha, kwenye tafsiri. Shule imechukua kuhifadhi kutoka chuoni, imekuacha kufahamu.

Tuangalie namna Mtume wetu (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alivyolitazama jambo la lugha ya wengine. Imepokewa na Tirmidhiy na Abu Daawuud kwamba alimuamrisha Zayd bin Thaabit (Radhiya Allaahu 'anhu) ajifunze maandishi ya Mayahudi. Kwa kazi gani? Ili amwandikie barua anazowapelekea, na amsomee barua wanazomletea. Hakupita nusu mwezi, Zayd akawa ameimudu kazi hiyo. Tazameni basi shabaha ya somo lile: kuandika barua inayokwenda kwa mtu, na kusoma barua inayotoka kwa mtu. Zayd hakutumwa akajifunze kujaza vishimo.

Sasa tuje Muyinga. Kila mtu wa huko anaujua mpaka wa Kobero na malori yanayotoka Kabanga, upande wa Tanzania. Mfanyabiashara mmoja wetu alikwama na mzigo, akatakiwa apeleke maelezo kwa Kiingereza kwa kampuni moja ya nchi jirani, ukurasa mmoja tu: nini kimetokea, lini, anaomba nini. Mwanawe yuko mwaka wa mwisho wa lise, katika sehemu ya Lugha, na ni wa pili darasani. Kijana alikaa na karatasi kuanzia Alasiri hadi Magharibi. Anajua kugeuza kauli. Anajua vitenzi visivyofuata kanuni vyote kwa moyo, hata vile ambavyo Waingereza wenyewe hawavitumii. Barua hakuweza. Hakujua aanze na lipi, lipi lifuate, na aombe vipi bila ya kuamrisha. Mwishowe baba alimlipa kijana mmoja aliyekulia kambini Tanzania, ambaye hana hata diploma, akaiandika kwa nusu saa. Kijana wetu hana kosa lolote. Katika miaka yote ya shule hakuna aliyemtaka aandike barua kwa mtu aliye hai.

Na haya si mambo madogo kwetu. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2007. Mwaka 2014 sheria ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikawekwa miongoni mwa lugha zinazofundishwa mashuleni. Vijana wetu wanaotafuta elimu ya juu wanavuka kwenda Uganda, wengine kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988 kwa ajili ya watoto wa Kiislamu kama hawa. Huko kazi ya kwanza anayopewa mwanafunzi ni kusoma sura ya kitabu na kuandika kurasa kadhaa za maoni yake. Maoni yake! Mtoto aliyelelewa kwenye vishimo atayatoa wapi?

Tuwe waadilifu kwa walimu, kwani uadilifu ni amri. Mwalimu wa Kiingereza wa Gitega au Muyinga, mara nyingi na yeye amesomeshwa kwa Kifaransa, kwa njia hii hii. Ana darasa la watoto sitini au zaidi, vitabu vichache vya kugawana, na ukaguzi unaomuuliza amefika ukurasa wa ngapi. Tangu mfumo wa fondamentali ya miaka tisa uanze mwaka 2013, mtoto anabeba lugha nne: anaanza kusomeshwa kwa Kirundi, anahamishiwa Kifaransa, na pembeni kuna Kiingereza na Kiswahili. Ni mzigo. Hilo hatulikanushi. Lakini mzigo si hoja ya kumpa mtoto maganda na kumnyima tunda. Tena mtoto wa mitaa yetu ya Waswahili, wa Gitega na wa Muyinga, anafika shuleni ana lugha mbili mdomoni tayari, Kirundi na Kiswahili, na anasoma Kiarabu kwa herufi zake. Ni tajiri wa lugha. Somo la Kiingereza linampokea kama bubu.

Majirani zetu wanafanyaje? Kenya, wanafunzi wa sekondari kwa miaka mingi wamewekewa riwaya na tamthilia za kusoma, na katika mtihani wa mwisho wakaandika insha juu yake. Tanzania vile vile, kidato cha tatu na cha nne, kuna hadithi na tamthilia za Waafrika. Tusiwapambe kupita kiasi. Huko nako kuna maduka yamejaa vijitabu vya mwongozo, na wapo wanaofaulu kwa kusoma mwongozo bila ya kukigusa kitabu chenyewe. Ugonjwa ni ule ule, ila wao wana kitabu, na atakaye kusoma atakiona. Na wao waligombana kwa ajili yake. Mwaka 1968 pale Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakihoji kwa nini idara ya Kiingereza iuweke uandishi wa Uingereza katikati na Afrika iwe pembeni. Mtu akubaliane nao au asikubaliane, walikuwa wanagombania kitabu gani kisomwe. Sisi hatujafika hata kwenye ugomvi huo, kwa sababu hakuna kitabu mezani.

Sasa tugeuke upande wa pili, na hapa baadhi ya wazee wetu watatununia. Wapo miongoni mwetu wanaoona ni afadhali hivyo hivyo. "Mwache mtoto ajifunze sarufi," wanasema, "riwaya za Kizungu zitamharibu, humo mna mapenzi, ulevi na ukafiri." Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa sababu chanzo chake ni kumlinda mtoto. Tena ni kweli, vipo vitabu ambavyo hatungependa viingie majumbani mwetu. Lakini mzazi yule yule anayekiogopa kitabu, simu iko mkononi mwa mwanawe hadi saa sita za usiku! Kitabu kimoja kilichochaguliwa na mwalimu na kusomwa mchana mbele ya watu ndicho kitakachomharibu?

Historia yetu imeshatufundisha somo hili mara moja. Wakati wa Wabelgiji elimu iliachwa mikononi mwa wamisionari, na shule zao zilikuwa mlango wa ubatizo. Babu zetu wengi wakawazuia watoto wao, na walikuwa na haki ya kuilinda dini yao. Ubaya wa jambo ulikuwa wa wale walioweka sharti hilo. Lakini gharama tuliilipa sisi: vizazi vya madereva, mafundi cherehani na wachuuzi hodari, na makarani wachache mno, mahakimu wachache, madaktari wachache. Leo hakuna anayemwambia mtoto wa Muyinga abatizwe ili asome riwaya. Sharti limeondoka, kwa nini hofu ibaki?

Na kisa chenyewe si kitu kigeni katika dini yetu. Qur-aan imejaa visa. Ipo Sura nzima ya Nabii Yuusuf ('Alayhis salaam), na Allaah Mwenyewe amekitaja humo kuwa katika visa vilivyo bora kabisa. Ndani yake mna husuda ya ndugu, mna mwanamke anayemtamani kijana, mna jela. Hatujasikia mzazi anayeificha Sura hiyo. Anayesikiliza hutoka amefahamu subira ni nini kuliko angeambiwa neno "subira" mara mia.

Mama zetu wa pwani nao walilijua hili. Mwana Kupona binti Msham, mnamo mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia ambao hadi leo unasomwa. Mwanamke wa Kiislamu, kabla ya Mzungu kuweka shule yoyote kwenye nchi hii, alishika kalamu akasema lake. Binti zetu wa lise, waliobebeshwa likizo ya mjomba wa Nairobi, wamerudi nyuma ya bibi huyo kwa zaidi ya miaka 150.

Tuchukue mfano wa karibu zaidi. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Alisoma chuoni Qur-aan kama sisi, lugha yake ya nyumbani ni Kiswahili kama sisi, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa vitabu alivyoviandika kwa Kiingereza. Katika hotuba yake ya kuipokea, unajua alianza na nini? Alikumbuka kwamba alipokuwa mtoto wa shule, kipindi alichokingojea kuliko vyote katika ratiba kilikuwa kile kilichotengwa kwa ajili ya kuandika kisa. Ndugu zetu, litazameni neno hilo: kilikuwepo KIPINDI! Katika shule ya Zanzibar ya zama za ukoloni, mtoto wa Kiislamu aliachiwa saa nzima ya kimya aandike chake. Sisi leo, nchi huru, tumekifuta.

Riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise, inamhusu kijana Yusuf ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri kufidia deni, kisha anasafiri na msafara kutoka pwani kuja bara. Ni misafara ya namna hiyo iliyoleta Kiswahili na Uislamu hadi kwenye Ziwa Tanganyika na kwa babu zetu. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili, ikaitwa Peponi. Mwanafunzi wa Gitega anaweza kuisoma kwa lugha ya mama yake, kisha akafungua ukurasa ule ule kwa Kiingereza akalinganisha. Si kila ukurasa utampendeza kila mzazi, na sisi tungeiweka kwa wale wa miaka ya mwisho tu. Lakini kwa watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani hatujui daraja lililo fupi kuliko hilo.

Na sisi Warundi tuna chetu. Roland Rugero aliandika kwa Kifaransa riwaya iitwayo Baho!, ya mwaka 2012, na mwaka 2016 ikatoka kwa Kiingereza. Ni kisa cha kijana bubu ambaye ishara zake zinafahamika vibaya, akatuhumiwa kumshambulia msichana, na umati ukataka kumwua kabla ya kuuliza. Mwalimu yeyote anayeijua amri ya kuhakikisha habari iliyomo katika Suratul Hujuraat ana kipindi kizima cha mjadala hapo, na watoto watakuwa na la kusema, kwani nani hapa nchini hajui umati unaotuhumu unafananaje?

Kuna jawabu jipya tunalolisikia siku hizi kwa vijana: "Hakuna haja ya kuhangaika, simu itaniandikia." Ni kweli, siku hizi zipo programu zinazoandika barua kwa Kiingereza safi katika dakika moja. Sawa. Na nani atakayejua kama barua hiyo imesema uliyoyataka? Kijana wa Kobero angepeleka barua ya mashine bila ya kujua kama imekiri deni la baba yake au imelikataa. Ambaye hawezi kusoma kwa kufahamu hutia sahihi asichokijua. Tena mashine ndiyo mjomba wa Nairobi mwingine, safari hii mwenye maneno matamu zaidi.

Wakuu wa shule watatuambia muda hautoshi na madaftari ni mengi. Haya, tuhesabu pamoja. Kila wiki mtoto aandike nusu ukurasa wa jambo alilolifanya, aliloliona au alilosimuliwa na bibi yake kwa Kirundi au Kiswahili. Kwa wiki thelathini za masomo ni kurasa kumi na tano. Kwa miaka mitatu ya mwisho ni kurasa arubaini na tano. Darasa la sitini? Mwalimu asikusanye yote. Wanafunzi wasomeane wawili wawili, na yeye achukue madaftari kumi tu kwa wiki, na katika wiki sita atakuwa amewapitia wote. Wala asisahihishe kila kosa, kwani ukurasa uliojaa wekundu humfundisha mtoto kunyamaza. Aandike chini yake swali moja: "Kisha nini kilitokea?" au "Ulijuaje?" Insha ya ubaoni ipigwe marufuku kabisa, na atakayeleta mjomba wa Nairobi apewe sifuri, isipokuwa awe naye kweli.

Kwa vitabu, kamati za misikiti yetu zinakusanya kila Ijumaa. Nakala kumi za kitabu kimoja, zikizunguka kwa zamu, zinatosha darasa zima kwa muhula. Pale Gitega wapo vijana waliomaliza chuo kikuu katika Kiingereza na wanakaa bila ya kazi. Wapewe chumba cha madrasa baada ya Alasiri, Jumamosi na Jumapili, na nauli. Pale Muyinga (ambayo tangu mwaka 2025 imo ndani ya mkoa wa Buhumuza) wafanyabiashara wanaovuka Kobero wanaweza kurudi na vitabu ndani ya mzigo wao, kwani Tanzania vinapatikana.

Na nyinyi akina baba na akina mama msiokijua Kiingereza, msingoje kamati. Jioni mwambieni mtoto alete daftari, akusomeeni alichoandika, kisha akufasirieni kwa Kiswahili. Akishindwa kukifasiri, si chake. Na akikutajieni mjomba msiyemjua, nendeni asubuhi mkaonane na mwalimu, kwa adabu, mkiwa na daftari mkononi.

Wabillaahi tawfiyq.